Kilichobaki Kichwani mwa Uhura

Katika kipindi cha Star Trek kilichorushwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad inamsikia Luteni Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni kwa ajili ya nini. Inaingia akilini mwake ili ipate kuelewa, na ikiisha kutoka imefuta kila kitu. Daktari McCoy anampima na kukuta ubongo hauna jeraha, ila elimu yote imekwenda. Itabidi afundishwe upya. Baadaye tunamwona kwenye chumba cha wagonjwa, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga za mbali, akihangaika na sentensi za darasa la kwanza huku muuguzi Chapel akimsahihisha namna ya kutamka jina la rangi. Anakosea. Anakereka. Na akikereka, kinachomtoka ni Kiswahili.

Kwa mtazamaji wa Marekani huenda hicho kilikuwa kichekesho kidogo cha kupitisha dakika. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: kama akili imefutwa, lugha hiyo ilikuwa imejificha wapi?

Jibu la hadithi, bila hadithi yenyewe kulitamka, ni kwamba Kiingereza ni elimu na Kiswahili ni damu. Kimoja kiliingia kutoka nje, kwa hiyo mwizi anaweza kukichukua. Kingine alizaliwa nacho kama alivyozaliwa na ngozi yake. Siamini kwamba John Meredyth Lucas, aliyeandika kipindi hicho, alikaa mezani akaamua hivyo, na ndiyo sababu jambo hili linanishughulisha kuliko matusi ya wazi. Anayebuni dunia ya karne zijazo hutoa jasho katika mambo machache aliyoyachagua: injini, silaha, milango inayojifungua. Mengine yote huyachukua kama yalivyo hapo nyumbani kwake. Ukitaka kujua zama fulani ziliwaonaje watu, tazama pale ambapo hakuna aliyetoa jasho.

Ubaguzi wa kupaka rangi hauhitaji tafakuri ndefu. Waigizaji wa Klingon, maadui katika Star Trek ya miaka hiyo, walitiwa weusi usoni na kubandikwa masharubu ya yule Mchina mwovu wa sinema za zamani. Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico, alipakwa rangi ili awe Khan Noonien Singh, mhusika wa Kihindi, katika kipindi kilichorushwa mwaka 1967. Waingereza nao, mwaka 1977, walimpa mwigizaji mzungu, John Bennett, nafasi ya Mchina katika Doctor Who. Hata mwaka 1987, Star Trek ilipozaliwa upya, kilitoka kipindi cha “Code of Honor”, ambamo sayari nzima ya watu weusi inaongozwa na chifu anayemteka ofisa wa kike mzungu. Katika kipindi hichohicho Geordi, Mweusi mwenzao, yuko juu kwenye chombo, ana cheo na anafanya mzaha na wenzake. Yaani mtu mweusi alitengewa mahali pawili tu: ama awe mmoja wetu kabisa, ama arudi kijijini na mkuki. Baadhi ya waigizaji wa tamthilia hiyo wamekisema vibaya kipindi hicho hadharani, na wana haki.

Uhura ni suala gumu zaidi kwa sababu yeye alibuniwa kwa nia njema. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na jina la mhusika likatokea hapo. Alisimulia pia jinsi Martin Luther King alivyomsihi asiache kazi hiyo. Baadaye, miaka ya 1970, aliisaidia NASA kutafuta wanaanga miongoni mwa wanawake na watu weusi. Hayo siyapunguzi hata chembe. Lakini nia njema haikumzuia mtu yeyote studioni kudhani kwamba Mwafrika ukimkwangua, chini utakikuta Kiswahili.

Atatokea wa kusema kwamba lugha ya kwanza hukaa ndani zaidi, na wapo wagonjwa wa kiharusi waliopoteza lugha walizojifunza ukubwani wakabaki na ya mama. Kweli. Tatizo ni kwamba Kiswahili, kwa wengi wanaokisema, si lugha ya mama. Mwaka huohuo wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilikuwa inakifanya kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Watoto waliotoka nyumba za Kisukuma, Kihaya na Kigogo walikipata pamoja na hesabu, kwa chaki, kwa mitihani, na kwa viboko pia. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, na tayari alikuwa amechapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Kongo na Uganda wengi walikiokota sokoni, migodini, jeshini. Ni lugha ya kujifunza, na Nomad ingeifagia pamoja na fizikia. Kama Uhura angetoka Machakos, angekereka kwa Kikamba.

Kisha kuna lile ambalo Chapel analifanya: anamrudisha kwenye Kiingereza. Mbele yake amekaa mtu mwenye lugha kamili, ngeli zote zipo, naye anahesabiwa kuwa mtupu. Waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani wanalijua somo hilo. Mwisho wa kipindi McCoy anaripoti kwamba mgonjwa amefika kiwango cha chuo na atarudi kazini ndani ya wiki moja, na hakuna anayeuliza kwa nini safari hiyo haikuanzia kwenye lugha aliyokuwa nayo.

Mwaka 2022, katika Strange New Worlds, tamthilia mpya ya Star Trek, Uhura kijana kutoka Kenya anasema anajua lugha 37, alizojifunza ili aongee na watu kwa lugha zao. Imepita miaka 55, na angalau katika simulizi hiyo Kiswahili kimekuwa kitu ambacho Nomad ingeweza kukiiba.