Baba Aliachwa na Meli

Usiku wa tarehe 20 Mei 1996, baba yangu alifika bandari ya Kemondo akiwa amechelewa. Alikuwa anapeleka ndizi Mwanza, na gari alilokuwa amepanda liliharibika njiani. MV Bukoba ilikuwa imeshaondoka. Asubuhi iliyofuata meli ile ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Watu walikufa kwa mamia, na wengi wakazikwa Igoma. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye.

Bibi aliligeuza jambo hilo kuwa sala. Kila jioni kabla ya kula, kila mmoja wetu alitaja kitu kimoja anachomshukuru Mungu kwa siku hiyo. Kisha Bibi alifunga kwa maneno yaleyale: "Na kwa mwanangu, uliyemzuia asipande." Tukaitika amina, tukala.

Niliacha kushukuru nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilimsimulia kisa hiki mwenzangu wa chumba kimoja, tena kwa majivuno kidogo. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mjomba wangu Mungu alimwacha apande?" Sikujua kama alikuwa na mjomba ndani ya meli ile.

Swali lake halikunitoka. MV Bukoba iliundwa kubeba abiria 430, na siku ile ilibeba wengi zaidi. Kosa lilikuwa la watu. Lakini mimi nilikuwa nasema kwamba Mungu aliharibu gari moja ili kumwokoa mtu mmoja, akaiacha meli nzima iendelee na safari. Upendeleo wa namna hiyo nisingeuvumilia kwa mwalimu darasani. Nikaona heri ninyamaze kuliko kuwatukana marehemu kwa jina la shukrani.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kukusanya data za tasnifu. Jioni moja alikuja jirani yetu, mjane. Mume wake alipanda meli ile. Tuliposali, yeye alishukuru kwa goti lake lililopata nafuu, na kwa miaka sita aliyoishi na mumewe. Zamu ya Bibi ilipofika, akasema tu, "Asante kwa mwanangu." Hakuitaja meli.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza Bibi kama alikuwa amesahau.

"Sijasahau," akasema. "Siku moja, wewe ukiwa chuoni, niliyasema yale maneno naye akiwa amekaa hapohapo. Akaitika amina, mjukuu wangu. Sikulala. Asante ambayo siwezi kuisema mbele ya mama yule, nitaisemaje mbele ya Mungu?"

Nilikumbuka Farisayo katika Luka 18. Tumezoea kusema kosa lake lilikuwa kiburi, lakini sala yake ilikuwa ya shukrani. Alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Alichoshukuru ni tofauti iliyokuwapo kati yake na mtoza ushuru aliyesimama mbali. Na mimi, kwa miaka mingi, nilishukuru kwa tofauti iliyopo kati ya baba yangu na waliozama.

Baba ni zawadi, na angekuwa zawadi hata kama meli ile ingefika salama. Kumshukuru Mungu kwa ajili yake hakunilazimishi nieleze kwa nini gari liliharibika. Sijui kwa nini. Imani yangu ya zamani ilitaka nijue, na nadhani ndiyo maana swali moja tu liliiangusha.

Nimerudia zoea lile. Kila usiku naandika jambo moja kwenye daftari, na kabla ya kuandika najiuliza kama ningeweza kulisoma kwa sauti mbele ya jirani yetu, au mbele ya yule mwenzangu wa chuoni. Mara nyingine nafuta, naanza upya.

Jana niliandika: Baba amepiga simu kuniuliza kama nimekula.