TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Orodha ya futari ianzie getini



Alhamdulillah, tumefika chungu cha 17. Nianze na kisa cha hapahapa Singida mjini.

Wiki iliyopita kiwanda kimoja cha kukamua alizeti kilitoa mifuko ya futari: sukari, tende, unga wa ngano na dumu la mafuta. Jambo jema, Allah awalipe. Lakini orodha iliandikwa ofisini, ikaishia ofisini na kwa watu wa mauzo. Wa mashine hawakuwemo. Wapakiaji hawakuwemo. Mlinzi naye, amefunga kama wengine, ndiye aliyeandika kwenye daftari la getini kila mfuko uliotoka. Wake haukuwepo. Akaniambia, "Ustadhi, shida si sukari. Nimejiuliza tu, hivi mimi nafanya kazi wapi?"

Ndugu yangu, swali hilo si geni. Tarehe kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu 300 na kidogo walikutana na jeshi la watu wapatao 1,000 pale Badr. Imepokewa kutoka kwa Ubada bin Samit (r.a.) kwamba baada ya ushindi watu walikuwa makundi matatu: waliowafukuza maadui, waliokusanya ngawira, na waliobaki kumlinda Mtume (s.a.w.). Kila kundi likaona lenyewe ndilo lenye haki zaidi. Si kama idara zetu tu? Mauzo, stoo, ulinzi!

Hapo ikateremka Suratul Anfal. Ngawira ikatolewa mikononi mwao, wakaamrishwa wamche Allah na wapatane. Kisha Mtume (s.a.w.) akawagawia sawasawa. Hata Uthman bin Affan (r.a.), aliyebaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya kwa idhini ya Mtume, alitengewa fungu lake.

Sisemi mishahara yote iwe sawa. Kila mtu na mapatano yake, na muuzaji aliyevuka lengo apewe kamisheni yake, ni haki yake. Nasema zawadi inayotolewa kwa ajili ya Ramadhani. Hiyo si malipo ya kazi. Inamwambia mtu, "na wewe ni wetu." Ukimruka, umemwambia kinyume chake, tena akiwa na njaa ya funga.

Wewe unayeandika orodha, Idd inakuja. Safari hii anzia getini, pita kwa wapakiaji, nenda kwenye mashine, wa ofisini waandike mwisho. Bajeti ikiwa ndogo, punguza kilo, usipunguze watu. Na sisi wa kamati za misikiti tujiangalie: anayefagia msikiti yumo kwenye orodha yetu?

Na wewe uliyerukwa, usijilipe kwa dumu la wizi wala kwa kulegeza kazi. Funga yako ni ya thamani kuliko mfuko ule. Mwendee mkubwa wako, mwambie kwa adabu. Huenda hajui, na ukinyamaza, mwakani ataruka wengine.

Amali ya leo: mtaje mtu mmoja kazini kwako ambaye hakumbukwi, kisha umkumbuke kabla ya magharibi.

Ewe Allah, tujaalie uadilifu katika tunavyogawa, na subira katika tunavyokosa. Taqabbal swiyaamanaa. Aamin.

Mfikishie na mwenzako.