Pwani Isiyo na Mtu Iko na Mwenyewe

Ndugu zetu waliobahatika kufika Muanda, kule inchi yetu inapomalizikia baharini, wakirudi huku Mashariki wanasema karibu wote neno moja: "Kule ni muzuri sana, hakuna mutu!" Wanaonyesha kwa mikono namna mchanga unavyonyooka mbali: hakuna nyumba, hakuna muziki, hakuna hata mtu wa kuuza maji. Ni upepo tu, na mawimbi yanapiga. Sisi tunaosikiliza tunatamani. Lakini neno lile "hakuna mutu" linanikwaza, na njo nataka tuliangalie pamoja katika kurasa hizi. Mahali ambapo mgeni hakuona mtu, ni mahali pasipo na mwenyewe? Na yule anayefika pale kutembea na kufurahisha macho, anadaiwa kitu ama hadaiwi?

Kwanza tujue mahali tunapozungumzia. Kongo yetu, inchi kubwa namna hii, iko na karibu kilomita 40 tu za pwani ya Atlantiki, kati ya mdomo wa mto na mpaka wa Cabinda. Kusini iko Banana, katikati Muanda, na kaskazini vijiji kama Nsiamfumu. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Boma ilikuwa ya udongo, wakati wa mvua gari iliweza kulala njiani. Njo maana sehemu nyingi za pwani ile zilibaki bila kuguswa. Bahari yenyewe haifanani na Tanganyika wala Kivu. Maji yanapanda na kushuka kila siku, mawimbi yanaanguka kwa nguvu na kula ardhi kidogo kidogo. Rangi ya maji si ile ya kadi za posta. Ni ya udongo, kwani mto unamwaga pale mita za ujazo karibu 40,000 kila sekunde, na bonde lake linaendelea chini ya bahari, refu sana, mahali ambapo jicho halifiki. Upande wa mto ni misitu ya mikoko, ile miti inayosimama juu ya mizizi yake ndani ya maji ya chumvi. Tangu 1992 misitu hiyo ni hifadhi ya serikali, Parc Marin des Mangroves, na mule anaishi nguva, mnyama mkubwa wa maji anayekula majani.

Sasa tukumbuke ni nani waliotangulia kuihesabu pwani hii kuwa tupu. Karibu mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto, akasimamisha nguzo ya jiwe ng'ambo ya kusini, upande ambao leo ni Angola. Aliisimamisha kwa jina la mfalme wake, sawa vile mtu anapiga kigingi katika lupango alilokwisha kununua. Na watu walikuwako. Baadaye, kwa miaka mingi sana, kutoka Loango, Malembo na Cabinda watoto wa inchi walipakiwa katika meli kama mizigo. Halafu mwaka 1885, wakati wa Mkutano wa Berlin, Wazungu walipatana juu ya karatasi: Ureno ikabaki na Cabinda, na Leopold wa Pili akapata kipande kile cha pwani ili dola lake liwe na mlango wa bahari. Leopold hakukanyaga Kongo hata siku moja, na hakuna mwenyeji aliyeitwa kutoa neno. Mtalii wa leo hana mabaya ya Leopold, tusimwonee. Lakini anatumia neno lake, na neno linafundisha jicho namna ya kuangalia.

Wenyeji wa kule, Bawoyo wa ufalme wa zamani wa Ngoyo na Basolongo wa mdomo wa mto, waliangalia kwa namna ingine. Kwa Bakongo ardhi iko na nkisi wake anayeilinda, na bisimbi wanakaa penye chemchemi, mito na mawe. Maji makubwa ni Kalunga, mpaka kati ya walio hai na wale waliotangulia. Wasafiri wa zamani waliandika kwamba mfalme wa Loango alikatazwa hata kuitazama bahari. Tufikiri kidogo juu ya mwiko ule: mtu mwenye uwezo wote katika inchi, na bado kuna kitu ambacho jicho lake halina ruhusa nacho. Sisi leo tunafika na telefone mkononi, tunapiga picha kabla ya kusalimia. Na si Bakongo peke yao. Kwa Baluba vilevile, ba-vidye wanakaa katika maziwa, milima na chemchemi, na mtu hapiti pale kama anapita sokoni. Mahali pasipo na nyumba mara nyingi palikuwa na wenyewe wengi kuliko kijiji.

Wengine watanijibu: "Muzee, hizo ni imani za kitambo, sisi tunasali." Vizuri. Tuweke imani pembeni, hoja inabaki. Kwa desturi ya Bakongo ardhi ni ya kanda, ndiyo kusema ukoo wa upande wa mama, na ukoo si watu wanaopumua leo tu. Ni waliozikwa pia, na ni wale ambao hawajazaliwa. Aliye hai ni mlinzi. Kwa hiyo hata mwenyeji hawezi kusema: "Ni yangu, nafanya ninavyotaka." Kama mwenyeji hawezi, mgeni atasemaje?

Hapa ugumu unaingia. Kuna wageni wa namna ya pili, wenye moyo mzuri, wasomi kama sisi. Wao wanasema: "Pwani hii ibaki hivi hivi, musijenge, musiguse kitu." Maneno matamu. Lakini msemaji kesho anarudi Kinshasa ama Lubumbashi, kwenye hospitali na barabara, na mama wa kijiji anabaki palepale na ndoo yake ya maji kichwani. Petroli inatolewa katika bahari ile tangu 1975, na vijana wa kule wameona moto wa gesi ukiwaka usiku wakati wao wanasomea taa ya mafuta. Mwaka 2022 jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa kule Banana. Kijana asiye na kazi akisikia habari hiyo anatumaini, na ni haki yake. Nani atamwambia ashibe kwa kutazama mawimbi? Uzuri hauliwi na fufu. Anayetaka mwenzake abaki maskini ili yeye apate mahali pa kupumzika, huyo naye anaichukua pwani, ila anaichukua kwa macho.

Basi tujenge tu, tumalize? Hapana. Tumwangalie kobe wa bahari. Tangu karibu Oktoba mpaka miezi ya kwanza ya mwaka, kobe majike wanapanda mchanga wa pwani ile usiku, wanachimba, wanataga mayai, wanayafunika, wanarudi majini. Yule mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi, anaweza kupita kilo 400. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka na kufuata mwangaza wa bahari. Wakiona taa za nyumba wanadanganyika, wanaelekea inchi kavu na kufa. Mvuvi mwenye njaa anafukua mayai yale. Mwenye hoteli anawasha taa zake usiku mzima. Mgeni anamkasirikia mvuvi, halafu anaenda kulala hotelini. Iko haki? Kufukua mayai kunaonekana, taa haionekani kuwa kosa, lakini vyote viwili vinaua. Mimi naona mwenye shibe ana deni kubwa kuliko mwenye njaa, kwani yeye anaweza kuzima taa bila kukosa chakula cha watoto.

Na sisi watu wa Mashariki tusijione kama pwani ile haituhusu mpaka siku tutakapopata makuta ya ndege. Maji ya Ziwa Kivu yanashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika. Maji ya Tanganyika yanatoka Kalemie kwa Lukuga mpaka Lualaba. Lualaba inapita Kongolo, Kindu, Ubundu, inafika Kisangani, inakuwa Mto Kongo, na mto unaishia Banana. Zile chupa za plastiki tunazotupa Bukavu, zinazosonga mashine za umeme pale Ruzizi, zimeanza njia ileile. Nyingi hazitafika, lakini zimeelekea kule. Kumbe sisi tulianza kuitembelea pwani ile kitambo, na hatukupiga hodi.

Basi mgeni anadaiwa nini? Kwanza hodi. Aulize jina la mahali, kijiji chake, mwiko wake, kabla ya kuvua viatu. Mzee wa kijiji akimwambia "pale hapana", asitafute njia ya nyuma. Pili, aondoke na kile tu ambacho kesho kitakuwako tena: samaki aliyenunua, habari aliyopewa. Mayai ya kobe hayamo, na takataka zake asiziache. Tatu, wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la pwani ni kumlipa kijana wa pale amwongoze, kununua kwa mvuvi bila kumpunja, na siku serikali ama kampuni inapoleta mipango yake, kusimama nyuma ya wenyeji ili wao waseme kwanza, hata kama watasema wanataka bandari. Akiwa na wasiwasi juu ya kobe ama mikoko, na awe nao, amwambie mwenyeji akiwa ameketi pamoja naye, kwa heshima, kama mtu anayeonya nyumbani kwa mwenzake. Na mwenyeji naye akumbuke wale wa kanda ambao bado hawajazaliwa: watamwuliza.

Ndugu msomaji, ukipata bahati ya kufika kule, furahi. Oga, tembea, sikiliza Atlantiki ikinguruma. Lakini ukirudi na watoto wakikuuliza ulikuta nini, usiwaambie kwamba hakukuwa na mtu. Waambie ulifika kwa watu.