Bwana Aliyewasha Jiko

Somo: Yohana 21:1–14, Waefeso 5:21–33



Wiki hii tuongee juu ya jambo linaloumiza nyumba zetu kimya kimya. Siku hizi ziko nyumba ambapo mama ndiye analeta mshahara, na baba amesimamishwa kazi ama biashara imeanguka. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbilia matatu, na jioni anakuta sufuria na nguo chafu zikimngoja. Baba ameshinda nyumbani, lakini jiko hagusi, maana majirani watasema amekaliwa. Mmoja anaumia kwa uchovu, mwingine kwa aibu.

Nilisomea biashara chuoni. Kwenye vitabu vya hesabu, kazi isiyolipwa haionekani. Kupika, kufua, kukesha na mtoto mgonjwa, hakuna risiti. Lakini hata sheria ya Kenya imeiona: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Kama Bunge limeona, je, kanisa lifumbe macho?

Sasa mwangalie Petro na wenzake. Ni wavuvi wenye ujuzi, wamekesha usiku kucha, na hawakupata kitu. Wanaposhuka pwani wanakuta makaa yamewaka, samaki juu yake, na mkate. Nani amepika? Bwana mfufuka! Aliyeshinda mauti hakuona kuwa kuwapikia watu kunampunguzia ubwana.

Ndugu yangu, tunapenda sana Waefeso 5:22, lakini tunaruka mstari wa 21, wa kunyenyekeana, na wa 25, wa kupenda kama Kristo aliyejitoa. Huo ndio ukichwa. Mshahara ukikatika, haujakatika nao.

Na wewe dada yangu, usimhesabie mumeo shilingi mbele ya watoto. Nyavu tupu tayari zimemuumiza.

Zoezi la wiki: kaeni wawili, mwandike kazi zote za nyumba na anayezifanya. Ombeni, kisha mgawane upya. Baba, chukua hata moja, uifanye bila kungoja kupigiwa makofi.

Bwana awabariki. Amina.