Mtoto na Ukurasa Wake

Wazazi wapenzi, mwalimu akimfundisha mtoto wa shule ya msingi kutengeneza ukurasa wa wavuti, msimlaumu. Lugha ya HTML ina alama nyepesi. Mtoto akisahau kufunga ile ya herufi nzito, maneno yote yafuatayo hunenepa, naye hujicheka na kusahihisha. Hata intaneti haihitajiki. Wavuti huo, alioubuni Tim Berners-Lee mwaka 1989, CERN ya Geneva iliutoa bure kwa watu wote mwaka 1993; kwa nini watoto wetu wawe watazamaji tu? Aliyekwisha kuandika ukurasa ajua kwamba yeyote aweza kuandika humo, mkweli na mwongo. Naye afundishwe mapema: uongo ulioandikwa humo ni dhambi ile ile ya uongo uliosemwa jikoni. Jina lake kamili na picha yake, wazazi, visiwekwe.