Akiba Iliyolala Koponi



Neno la mwezi huu limetoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, tangu mstari wa 4 hata wa 15. Lisomeni kwanza katika Biblia zenu, ndipo mrudi kwenye ukurasa huu.

Habari yenyewe ni hii. Mfalme Yoashi aliwaamuru makuhani wapokee fedha za watu, wapate kutengeneza mahali palipobomoka katika nyumba ya Bwana. Fedha zikaletwa, zikapokewa. Lakini hata mwaka wa 23 wa ufalme wake mahali palipobomoka palikuwa hapajatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Kila walipoona ya kuwa fedha zimekuwa nyingi sandukuni, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja, wakazihesabu, wakazifunga mifukoni, wakawapa wasimamizi wa kazi. Nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua miti na mawe ya kuchongwa.

Angalieni tofauti. Hapo kwanza fedha zilipokewa, nazo zikakoma hapo. Baadaye zilihesabiwa, zikafungwa, zikageuka kuwa mti na jiwe. Basi twajifunza ya kuwa kukusanya ni mwanzo wa njia, wala si mwisho wake.

Sisi wa Nyamongo tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Nani asiyemjua mchimbaji mdogo na kazi yake? Huponda mawe, huyasaga hata yawe unga, kisha huuosha unga ule kwa maji juu ya mteremko uliotandikwa gunia, na chembe nzito hushikwa humo. Chembe moja haina mnunuzi. Pengine hata jicho haliioni. Lakini zikikusanywa zikawa kidonge kimoja, huwekwa katika mizani, na watoto hupata chakula. Wengi huzikusanya kwa zebaki, nami siwezi kupita bila kuonya: moshi wa zebaki ni sumu, hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni hudhurika pamoja na mamaye. Msiichome nyumbani, wala msiiache mikononi mwa watoto.

Basi, ikiwa twajua kukusanya chembe za dhahabu na kuzipeleka mizanini, mbona sarafu zetu twaziacha gizani?

Nawaambia habari ya mama mmoja, mjane, mwuza ndizi. Siku moja alinijia baada ya ibada, amebeba kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa kanga. Nikamwamkia, naye akaniambia kwa sauti ndogo, “Baba Mchungaji, nyumba yangu inavuja, na mvua za masika zinakuja. Nimeweka akiba ya mabati humu miaka mingi. Lakini naona haya kwenda nayo dukani. Watu watasema nimevunja sanduku la sadaka.”

Nikamwuliza, “Mama, ni kiasi gani?”

Akajibu, “Sijui, Baba. Sijapata kuhesabu. Najua ni zito tu.”

Nikawaita wazee wawili wa usharika. Tukatandika mkeka, tukamwaga kopo, tukazitenga sarafu kwa namna zake. Kisha tukazipanga mafungu ya shilingi 10,000: sarafu 20 za mia tano, au 50 za mia mbili, au 100 za mia, au 200 za hamsini. Mzee mmoja alihesabu, wa pili akahesabu tena, na mama mwenyewe akaangalia. Za mia tano zilikuwa 212, za mia mbili 340, za mia 415, na za hamsini 190. Jumla ikawa shilingi 225,000. Mama akashika kinywa chake. Alikuwa amelala juu ya bati lake, huku mvua ikimnyeshea.

Lakini chini kabisa ya kopo mlikuwa na noti nne za shilingi 5,000, za lile toleo la mwaka 2003, zimekunjwa vizuri. Wazee wakatazamana. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza ya kuwa noti za zamani, za matoleo ya tangu mwaka 1985 hata 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zirudishwe katika mabenki toka tarehe 6 Januari hata tarehe 5 Aprili, 2025. Na baada ya siku ile zisiwe fedha tena. Siku ile ilikuwa imekwisha kupita. Zile shilingi 20,000 zilikuwa karatasi.

Mama akalia. Mzee mmoja akasema, “Wazazi wetu walitufundisha ya kuwa akiba haiozi.” Mwenzake akamjibu, “Hawakusema uongo. Wao waliweka ng’ombe, na ng’ombe hula na kuzaa. Sisi twaweka koponi.”

Ndugu zangu, fedha za dunia hii zina siku zake. Rupia na heller za Wajerumani zilikoma. Mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ilishika mahali pa shilingi ya Afrika Mashariki. Sarafu za leo, hata ile ya mia tano iliyotolewa mwaka 2014, zingali halali. Lakini nani atakayezidhamini milele? Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Walakini kibaba kikijaa, unga hauna budi kupikwa. Na yule mtumwa mwenye talanta moja, aliyechimba chini akaificha, hakuiba wala hakuipoteza. Alihukumiwa kwa kuwa aliilaza. Hapa kwetu watu huchimba ili watoe; tusiwe sisi tunaochimba ili tufukie.

Tena angalieni jinsi Yehoyada alivyofanya: hakuhesabu peke yake. Palikuwa na kuhani, palikuwa na mwandishi wa mfalme. Mwaka 1523 Wakristo wa mji wa Leisnig, katika Ujerumani, waliweka sanduku la wote kwa ajili ya mchungaji, shule na maskini, na Dr. Martin Luther akaandika dibaji ya taratibu yao. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne mbalimbali, na funguo ziligawanywa kwa wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Hawakufanya hivyo kwa sababu wote walikuwa wevi. Walifanya hivyo ili mwaminifu asisingiziwe, na mdhaifu asijaribiwe. Basi wazee wa sharika, na ninyi akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, hesabuni mbele ya mashahidi, andikeni, na siku ile ile pelekeni.

Nanyi mwaniuliza, “Tupeleke wapi?” Peleka benki, ikiwa iko karibu. Lakini tazameni lililotokea kwa mama yule. Katika mtaa wake mwenye duka alikuwa akiwapa watu peremende badala ya chenji, kwa kuwa sarafu zimeadimika. Mzee akamwendea, akamweleza. Yule mwenye duka akatoka mbio na noti mkononi, akazichukua sarafu nyingi kwa furaha; mwuza nyama akachukua nyingine, na wakala wa fedha za simu akazimaliza. Kabla ya jua kutua mama alikuwa na noti zake, na watoto waliotumwa dukani wakarudi na chenji kamili. Aibu aliyoiogopa haikuwako. Aliyekuwa akiona haya kwa sarafu zake alikuwa ameshika kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikitafuta.

Hapa nakumbuka Amri ya Saba. Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha ya kuwa haitoshi kuacha kuiba. Yatupasa pia kumsaidia jirani mali yake istawi. Sarafu iliyolala kwangu bila kazi humkosesha jirani chenji yake. Twajua wote kuvunja noti. Basi tujifunze na kuziunga sarafu, ili aliye nazo apate noti, na asiye nazo apate sarafu.

Mwisho, msidhani ya kuwa neno hili ni la fedha tu. Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, Bwana Yesu asimulia habari ya mwanamke mwenye sarafu kumi, akapotewa na moja. Hakusema, “Ni moja tu.” Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii hata akaiona, kisha akawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Hivyo ndivyo mbingu zinavyofurahi kwa mwenye dhambi mmoja atubuye.

Wewe unayejiona mdogo, uliyechakaa kwa kupita mikono mingi, uliyesahauliwa chini ya kopo: Bwana hakuona haya kukutafuta. Wala kwake hakuna tarehe ya mwisho iliyotangazwa ambayo sisi twaijua. Kwa hiyo neema isikawilishwe. Leo taa imewashwa. Leo acha akuokote.

Yule mama amekwisha kuezeka upande mmoja wa nyumba yake, upande wanakolala wajukuu. Kopo angali nalo. Ameniambia ya kuwa sasa hulimwaga kila mwisho wa mwezi.

Tuombe: Ee Bwana, usiyedharau kilicho kidogo, tufundishe kuvitoa gizani vile ulivyotupa, tuvitumie maadamu ni mchana, kwa faida ya jirani zetu na kwa utukufu wa jina lako. Amin.