Hodi ya Mwenye Nyumba

Hodi ni desturi ya mgeni. Mwenye nyumba arudipo kwake jioni hukohoa kidogo, hutoa salamu, akaingia. Hangoji ruhusa ya mtu, kwa kuwa mlango ni wake na waliomo ndani ni watu wake. Lakini siku hizi kimeingia majumbani chombo kinachoigeuza desturi hii. Kompyuta huwekwa juu ya meza ya mwenyewe, hununuliwa kwa fedha yake, hula umeme anaoulipia yeye, na kila iwashwapo humsimamisha mlangoni, humtaka neno la siri, na asipojibu sawasawa humkatalia kuingia. Je, mwenye nyumba ana haki ya kumwondoa bawabu huyu? Swali laonekana dogo, tena la mafundi. Walakini ndani yake mna swali lililo la zamani kuliko kompyuta: kufuli ni mali ya nani, ya mwenye mlango au ya mwenye kitu kilichowekwa nyuma yake?

Zichukuliwe kwa mfano nyumba mbili za Mkoa wa Lindi, moja Nachingwea na moja Ruangwa. Wilaya hizi ni jirani. Watu wake hulima korosho, ufuta na mbaazi, huoana na huzikana. Nyumba ya Nachingwea ni ya mwalimu mstaafu. Kompyuta yake aliletewa na mwanawe afanyaye kazi Dar es Salaam, ambaye aliitumia mwenyewe miaka mitatu kabla ya kumpa baba. Neno la siri lililomo ni la mwana: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama ya mshangao mwishoni. Mzee ameliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati. Betri ya chombo imekufa, na umeme ukikatika mara tatu kwa siku, yeye hulipiga neno lile mara tatu kwa kidole kimoja, miwani ikiwa puani.

Malalamiko yake si ya uvivu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote haogopi kuandika herufi kumi. Linalomuudhi ni kutiliwa shaka. Sokoni huaminiwa akakopeshwa samaki. Barazani neno lake husikilizwa. Chumbani mwake mwenyewe chombo humwambia kila asubuhi: thibitisha kuwa ndiwe wewe. Huona kuwa heshima yake imepunguzwa na kitu kisicho na uso wa kuonea haya. Wala Nachingwea si mahali pageni kwa vyombo viletwavyo na masharti ya kwao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta, ikatandika na reli; mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na reli nayo ikafungwa katika miaka ya 1960. Waliobuni mambo yale walijua mengi ya mashine na machache ya udongo. Yamkini aliyeibuni kompyuta kwa ajili ya ofisi ya watu mia naye hakuifikiri nyumba yenye mzee, bibi, na wajukuu wawili.

Na asili ya neno la siri yaelekea kumpa mzee haki. Katika mwanzo wa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kompyuta ilikuwa kubwa na ghali mno, na watu wengi waliitumia kwa pamoja. Fernando Corbató na wenzake, waliotengeneza mpango wa kugawana chombo kile, walimpa kila mtu neno lake ili mafaili ya huyu yasichanganyike na ya yule, na saa za huyu zisiliwe na yule. Kufuli lile halikuwa na umri mkubwa lilipovunjwa: mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa alizopewa hazimtoshi, akakiomba chombo kimchapie orodha ya maneno ya siri ya watu wote, nacho kikamchapia. Kwa hiyo neno la siri lilizaliwa pale ambapo chombo kilikuwa kimoja na watu wengi. Pale ambapo chombo ni kimoja na mtu ni mmoja, ni mlango uliosimamishwa katikati ya kiwanja.

Kampuni zenyewe zimekuwa na nia mbili juu ya jambo hili. Windows ya mwaka 1995 ilimwuliza mtu neno la siri, na akikataa kujibu, akabofya kitufe cha kufuta, ilimwacha apite. Windows za baadaye zilikuwa na alama ndogo ya vema inayosema kwamba kila mtumiaji sharti ataje jina na neno. Ukiiondoa alama ile, chombo huwaka moja kwa moja hadi ndani. Katika Windows 10 za mwisho na Windows 11 alama hiyo imefichwa, haionekani mpaka mtu azime kwanza sharti jingine katika mipangilio. Aidha Windows 11 ya nyumbani humtaka mnunuzi awe na intaneti na akaunti ya kampuni tangu siku ya kwanza, hata kama anachotaka ni kuandika barua tu.

Hapa pana jambo dogo la kifundi ambalo mwanafalsafa hapaswi kulipita. Mtu akiiondoa alama ile ya vema, chombo hakikubali hivi hivi. Humwuliza neno la siri kwa mara ya mwisho. Maana yake ni kuwa mwenye ufunguo pekee ndiye awezaye kulivua kufuli. Tena neno halifutiki: huhifadhiwa ndani ya chombo, nacho hujijibu chenyewe kila kiwakapo, kama ufunguo uliolazwa chini ya mkeka wa mlangoni. Iko njia nyingine, ya fundi ajaye na kifaa chake mkononi, akaiwasha kompyuta kwa programu yake mwenyewe na kulifuta neno la mtu pasipo kulijua. Ikiwa diski haikufumbwa kwa maandishi ya siri, njia hii hufanikiwa. Na zaidi ya hayo diski yaweza kutolewa, ikatiwa katika kompyuta nyingine na kusomwa yote. Matokeo ya njia hizi mbili ni mamoja machoni: chombo huwaka na kufunguka. Lakini moja ni ya mtu aliyepewa ufunguo, na nyingine ni ya mtu aliyeruka ukuta. Tofauti haimo katika kompyuta. Imo katika mtu.

Ndipo ije nyumba ya Ruangwa. Mwenyewe ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, chenye wanachama wapatao thelathini, wengi wao wanawake. Daftari la kikundi lilikuwa la karatasi. Mchwa walipolila akalihamishia katika kompyuta yake ya nyumbani. Chombo ni chake, neno la siri ni lake, alilitia mwenyewe na akalitoa mwenyewe kwa njia iliyo halali, maana watoto walikuwa wakimwamsha usiku awafungulie wapate kutazama masomo. Hakuruka ukuta wa mtu. Kwa hoja ya mzee wa Nachingwea, hakukosa neno.

Siku moja kijana wa dada yake, aliyekaa hapo likizo, aliiwasha kompyuta atazame picha, akakuta daftari, akalisoma. Hakuiba senti. Hakubadili tarakimu hata moja. Alisoma tu kwamba mama fulani wa jirani ana deni la misimu miwili, na kwamba alikopa kwa ajili ya ada ya mtoto ambaye mtaani hujulikana kuwa analipiwa na baba yake. Neno lile likatoka, kama maneno yatokavyo, kisimani na dukani. Mama yule hakumshitaki mtu. Tangu hapo hahudhurii mkutano wa kikundi. Humtuma binti yake na fedha iliyofungwa katika kitambaa.

Wako wasemao kuwa kuona si kuiba, na kwa kuwa hakuna kilichopungua katika sanduku, hakuna aliyedhulumiwa. Hoja hii ni nyepesi mno kuweza kubeba uso wa mama yule. Kilichochukuliwa kwake ni mamlaka ya kuamua nani ajue habari zake na lini. Na kitu hiki, tofauti na fedha, hakina njia ya kurudishwa. Katiba ya nchi, katika ibara ya 16, huhifadhi faragha ya mtu, ya familia yake na ya maskani yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humkataza mtu kuingia kwa makusudi katika kompyuta pasipo haki. Lakini kijana yule aliruhusiwa kuiwasha kompyuta. Mlango ulikuwa wazi. Kumpeleka mahakamani kungekuwa kichekesho. Kosa limesimama mahali pengine, kwa mjomba, aliyedhani kuwa kufuli lake lilikuwa likimlinda yeye, kumbe tangu siku alipoliingiza daftari lile lilikuwa likiwalinda watu thelathini ambao hakuna hata mmoja aliyeulizwa lilipoondolewa.

Ni kweli kwamba nyumba hujengwa juu ya kuaminiana, na huenda mtu akasema kuwa kufuli ndani ya nyumba ni dalili ya kuharibika kwake. Mila za pwani na bara haziungi mkono neno hili kwa ukamilifu. Qurani, katika sura ya An-Nur, huagiza hata watoto wasiobaleghe na watumwa wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Nyakati nyingine wamo humo huzunguka pasipo lawama. Huu ni uangalifu mwembamba sana. Mlango wa nyumbani haukuamriwa ufungwe daima, wala haukuachwa wazi daima. Ulipewa saa zake, na hodi ikawekwa kwa watu wanaopendana na kuishi pamoja, si kwa wageni peke yao. Kompyuta ina upungufu wa kutojua saa. Humwuliza mzee aamkaye kuandika barua kama imwulizavyo mwizi.

Baada ya mambo ya Ruangwa ni rahisi kumrudia mzee wa Nachingwea kwa moyo wa kumhurumia na kumwachia afanye apendavyo. Yeye hana daftari la mtu. Lakini neno la siri lile si lake. Ni la mwana, na ndani ya chombo, nyuma ya jina la mwana, zimo barua pepe za mwana, picha zake, na mambo ya ndoa yake ambayo huenda baba hayajui. Fundi wa mjini alikwisha kuahidi kuja siku ya Ijumaa. Mzee, kwa adabu, akapiga simu kwanza.

Mwana aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Ondoa tu, baba. Hakuna kitu humo.”

Hapa ndipo penye ugumu ambao sheria haiufikii wala fundi. Mtoto aliyelelewa vema hamwambii baba yake “hapana,” hasa katika chombo alichompa kwa mikono miwili. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa ni ridhaa ya namna gani? Mzee angeweza kulichukua jibu lile kama lilivyotamkwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipokuwa akifundisha aliwauliza wanafunzi maelfu ya mara kama wameelewa, wakajibu “ndiyo” huku wakitazama chini, na sikio lake limezoea ndiyo ya namna hiyo. Ukimya ule wa simu aliusikia vizuri kuliko maneno.

Hakusema kitu. Aliuliza habari za wajukuu, akaitikia shikamoo ya mkwewe, akaaga. Kisha akampelekea fundi habari kwamba asije Ijumaa. Aje mwisho wa mwaka, mwana atakapokuwa nyumbani kwa likizo na kupata siku mbili za kuketi peke yake mbele ya kompyuta ile, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, akatoa vilivyo vyake.